Rejeta ya Mzee Muhangi

Pale Nkwenda ukiuliza fundi Gaspari ni yupi, watu walikuonyesha alama alizowaachia. Huyu kidole kimepinda, yule kifundo kimevimba. Gaspari alikuwa fundi wa rejeta, na mkono wake ulitangulia ulimi. Ukigusa mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, spana ilitua kwanza kwenye vidole vyako, maelezo yakafuata. Walimwita katili. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: katili alikuwa. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutoka kwenye gereji yake akiwa ameungua.

Subira yake yote aliwapa magari. Gari likija linachemka, alilizima, akafungua boneti, akakaa. Baadaye alizungusha gunia mkononi akaminya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa bado mgumu, alirudi kukaa. Ukilegea na chuma kikiwa kimepoa, aliweka tambara zito juu ya mfuniko, akageuza uso pembeni, akaulegeza kidogo tu mpaka mvuke uishe, ndipo akaufungua. Maji baridi hakumwagia chuma cha moto hata siku moja, kwa kuwa chuma hupasuka. Mwisho aliunga pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta, akajaza upepo, akatafuta mahali panapovuja.

Asubuhi moja pikapu ya Mzee Muhangi, mfugaji wa Kimuli, iliingia ikifoka mvuke. Rejeta yake ilikuwa ikivuja siku nyingi, nao wakiijaza maji ya kijito na kuendelea na safari. Nyuma, juu ya godoro, alilala binti yake Kyomuhendo. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, na mkunga alikuwa amesema wakimbie hospitali. Aliyeendesha ni mumewe, Atwine.

Gaspari alimfahamu mzee yule vizuri mno. Baba yake Gaspari, Twagirayezu, alipokimbia Burundi akiwa amembeba mgongoni, Muhangi ndiye aliyewapokea. Twagirayezu alichunga ng'ombe wa Muhangi mpaka akafa, na Gaspari alikua kwa maziwa ya boma lile, akimwita Muhangi tata, yaani baba.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Fungua hiyo, tia maji, twende."

"Tungoje ipoe, tata. Ikifunguliwa sasa itakuua."

"Anayekufa ni mwanangu!"

Muhangi hakuwa mjinga. Alijua ng'ombe aliyevimbiwa hangojewi. Unachukua kisu, unamtoboa ubavu wa kushoto, upepo unatoka kwa kishindo, mnyama anasimama. Ameokoa ng'ombe wengi hivyo. Sasa aliitazama injini inayonguruma tumboni na kutetemeka ingawa imezimwa, akaona ugonjwa anaoujua.

"Imevimbiwa!" alifoka. "Itolewe upepo!"

Kyomuhendo alipiga ukelele. Fimbo ya mzee ikatua begani kwa Gaspari. Ya pili ilimpasua sikio, damu ikamwagika kwenye kola. Gaspari hakujikinga, alisimama tu mbele ya gari akiziba njia kwa mwili wake. Atwine akamkaba shingo kwa nyuma, wakaanguka wote kwenye mchanga wenye oili. Gaspari alipigwa ngumi za mbavu, akang'ata mkono uliomkaba mpaka akaonja damu, akajichomoa. Alipoinuka na spana mkononi, Muhangi alikuwa ameshaushika mfuniko kwa pindo la shuka lake.

Gaspari aliinua spana. Pigo moja la kifundo lingetosha.

Mzee akageuza uso. "Mwana wa Twagirayezu, unaniinulia mimi chuma?"

Mkono ukashuka. Mtu aliyewaponda vidole madereva wa nchi nzima akashindwa kumpiga mzee aliyemlisha! Mpaka leo nikikumbuka nahisi hasira. Adabu gani hiyo, inayomwacha mtu aungue mbele ya macho yako?

Mfuniko ukaruka. Maji yanayochemka yalimpiga Muhangi usoni, yakamwangusha chali. Ngozi ya paji la uso iliteleza ikamfunika nyusi. Alinguruma, miguu ikichimba ardhi, na Kyomuhendo akasahau uchungu wake akaita, "Tata! Tata!"

Atwine alikimbilia kibuyu cha samli, kwa kuwa kwao samli ni dawa ya kila kidonda. Gaspari, aliyejua kwamba mafuta huzuia moto usitoke kwenye ngozi iliyoungua, alimtandika ngumi ya mdomo, kibuyu kikaanguka kikapasuka. Akamkalia mzee kifuani, akamwagia maji safi ya baridi usoni bila kukoma, huku akipigwa mateke na kulaaniwa. Kisha akasimama katikati ya barabara mbele ya lori la mnunuzi wa maharage, akamvuta dereva kola kupitia dirishani. "Wapakie hawa, au nikutoe meno!"

Dereva akawapakia. Kyomuhendo alijifungua salama, mtoto wa kiume. Macho ya Muhangi hayakurudi.

Gaspari hakukanyaga Kimuli mpaka alipoitwa. Alimkuta mzee kwenye kigoda, mjukuu mapajani, ndugu wamemzunguka. Alijua kwamba amekuja kuhukumiwa.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Sogea." Muhangi alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa kulia wa Gaspari, akaubana. "Ni huu ulioinua chuma?"

"Ni huo, tata. Nisamehe kwa kukuinulia."

"Nani amekuuliza habari ya kuinua? Nilikuona ukiushusha. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona duniani. Ungenipiga tu. Mfupa ungeunga, mwanangu."

Gaspari akapiga magoti, akalia mbele ya watu wote.