Nilijifanya Mgonjwa Ili Mjukuu Wangu Azaliwe Unguja

Kosa ni langu, na nnalisema mwenyewe kabla hajalisema mtu. Jina langu liacheni. Mtaa wetu hapa Mji Mkongwe ni mwembamba, mtu akipiga chafya nyumba ya pili wanamuitikia, kwa hivyo atakayenijua atanijua kwa maneno yangu. Mie ni mtu mzima, nina wajukuu, skuli nlisoma kidogo nikatolewa nikaozwa. Lakini hili nlilolifanya sikulifanya kwa ujinga. Nlilifanya kwa ukaidi.

Mwanangu wa mwisho ni wa kike. Nimwite Rahma, ingawa silo jina lake. Aliolewa akaenda Ulaya na mumewe. Mumewe ni mtoto wa hapahapa Unguja, wa Makunduchi, na huko anaendesha basi. Rahma anafanya kazi kwenye nyumba ya kuangalia wazee. Walikaa miaka wakiomba mtoto. Siku aliponipigia simu kunambia ana mimba, jamani, nlisujudu palepale jikoni, mikono imejaa unga!

Halafu akanambia atazalia hukohuko.

Hapo ndipo nlipoharibika.

Kwetu mimba ya kwanza mtoto wa kike hurudi kwa mama yake. Mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, ndiye anayemfunga tumbo, ndiye anayempikia uji wa pilipili manga na kumuogeshea mtoto mpaka arubaini itimie. Dada zake Rahma wote wamezalia mikononi mwangu. Sasa huyu wa mwisho azalie kwa watu wasiomjua, akandwe na nani?

Mkwe wangu akachukua simu. Kwa adabu zake zote akanambia, "Shikamoo Mama. Mama, akizalia huku, mambo ya mtoto yatakuwa mepesi. Akizalia huko, mtoto hawezi kuingia huku mpaka aombewe ruhusa, na ruhusa yenyewe inachukua muda."

"Marahaba. Ruhusa ya nini mtoto mchanga? Kwani anakuja kufungua duka? Mie nimezaa saba, na hakuna hata mmoja aliyetoka na karatasi mkononi!"

Akacheka, akadhani nnamtania. "Mama, dunia ya sasa ndivyo ilivyo."

"Dunia yenu," nikamwambia, na simu nikaikata.

Yarabi, laiti ningenyamaza hapo! Sikunyamaza. Siku chache baadaye nikamwita jirani yangu, shoga yangu wa tangu usichana, nimwite Bi Zuwena. Nikajilaza kitandani, nikajifunika blanketi na jua la mchana linawaka, nikajifunga kanga kichwani. Nikamwambia anipige video ampelekee Rahma.

"Unaumwa nini?" akaniuliza.

"Presha."

"Presha gani, na asubuhi nimekusikia unagombana na muuza samaki mpaka kakupunguzia?"

"Wewe piga!"

Akapiga huku anacheka, simu inamtikisika, ikabidi tuanze upya. Kwenye hiyo video nimelegeza jicho, sauti ya chini, nnasema, "Mwanangu, mama yako sijui kama nitamuwahi mjukuu wangu. Daktari kasema moyo." Daktari yupi? Hakuna daktari! Nlikuwa mzima, nnapanda ngazi za nyumba hii na ndoo ya maji mkononi.

Rahma hakungoja. Akaomba likizo, wakakata tiketi ya kwenda na kurudi, akaja na tumbo la miezi saba na barua ya daktari wake, maana ndege haimchukui mjamzito hivihivi. Alipoingia mlangoni akanishika mikono akanitazama usoni. "Mama, umepata nafuu?" Nikamwambia, "Nlipokuona tu." Uongo juu ya uongo.

Alijifungua salama, mtoto wa kiume. Sitasema sikufurahi. Nlimkanda mwanangu, nikamlisha, nikamuogesha mtoto, na kama tunavyowaita wajukuu wetu nikawa nnamwita mume wangu. Arubaini ikapita. Ndipo tukaanza kufuatilia safari, na mie ndipo nlipoanza kusoma.

Kwanza cheti cha kuzaliwa, na ili kukipata barua ya sheha, mkuu wa mtaa wetu. Kisha pasipoti. Dada wa uhamiaji akaniuliza, "Bibi, mtoto ana cheti?" Nikamjibu, "Ana mama yake, si huyu hapa?" Akacheka, akatuelekeza vizuri tu, sina la kumlaumu.

Tukaenda kupiga picha kwa Muhindi mmoja wa hapa mjini, ambaye baba yake ndiye aliyepiga picha za harusi yangu. Akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Bi mkubwa, mfute wanja."

"Haufutwi. Macho ya watu je?"

"Bibi, hii picha ya pasipoti. Mtoto ana nyusi kubwa kuliko zangu! Watairudisha."

Rahma akafuta kwa kitambaa, mie nimenuna. Kisha mtoto shingo haijakaza, na haitakiwi mikono ya mtu ionekane. Basi nikatiwa chini ya shuka nyeupe, mie mtu mzima, nnamshika mtoto kichwa nikiwa nimefunikwa gubigubi, na yule bwana anapiga kelele, "Bibi, kidole! Kidole kinaonekana! Bibi, usiseme, shuka inacheza!" Mtoto akafumba jicho, tukarudia. Akafungua mdomo, tukarudia. Rahma alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Sijamuona tena akicheka vile.

Pasipoti ikatoka. Nikamwambia Rahma, "Haya, si hiyo? Mlikuwa mnanitisha bure."

Kumbe pasipoti inamtoa mtoto kwetu tu. Ruhusa ya kumuingiza kwao ni nyengine. Rahma alipanda boti na mtoto kwenda Dar es Salaam, akapeleka maombi, akatia alama za vidole, akaambiwa asubiri. Muda gani? Hawasemi. Akipiga simu wanamwambia maombi yanaangaliwa. Na huku kibali chake mwenyewe cha kukaa kule kilikuwa kinakaribia kwisha, na ili kukifanya upya lazima awepo kulekule. Kikimuishia yuko hapa, basi hana pa kurudi, na maombi ya mtoto yamekufa, kwa sababu mtoto anaombewa kwa jina la wazazi wenye kibali na kazi.

Mnaona? Akikaa na mwanawe, wanapotea wote wawili. Akenda, anamwacha mtoto wa miezi minne.

Mkwe wangu alilia kwenye simu, mwanamme mzima. Nlitamani anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, tutakuachia mtoto. Mtunze."

Tiketi ya mtoto walikuwa washainunua, ile ya mtoto wa kupakatwa, ambayo ni kipande tu cha nauli ya mtu mzima. Ikapotea, hairudishwi. Wala si hiyo iliyoniuma.

Asubuhi ya safari Rahma alimnyonyesha, akambadilisha, akanipa. Hakulia. Akashuka ngazi. Mara akarudi juu, akasema amesahau koti lake. Koti lilikuwa mkononi mwake.

Na sasa niseme la aibu zaidi. Mtoto alipozoea chupa, alipoacha kumtafuta mama yake, mie nlifurahi. Ndiyo, nlifurahi! Nyumba ilikuwa na sauti. Nlimlaza kifuani, nikampeleka kwa majirani, nikawaambia, "Huyu wangu, karudi kwao." Alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa mama, na alinitazama mimi. Sikumrekebisha. Rahma akipiga simu ya picha, mtoto anaishika, anataka kuibonyeza, anaitupa. Rahma anaita, "Mama yako huyu, baba, nitazame!" Nami nnasema, "Muache, ana usingizi."

Ruhusa ilitoka mtoto keshajua kupanda ngazi kwa mikono na miguu. Wakafanya haraka, maana alikuwa anakaribia miaka miwili, na mtoto akishatimiza miwili hapakatwi tena, analipiwa kiti chake. Baba mtu kaongeza zamu za basi mpaka kaumwa mgongo, kwa sababu sasa Rahma alilipa safari ya pili, kuja na kurudi, ambayo haikupaswa kuwepo. Akaja na kila kitu mkononi, mpaka barua ya baba kwamba anaridhia mtoto asafiri na mama yake. Safari hii hawakubahatisha.

Aliingia, akapiga magoti mlangoni, akafungua mikono.

Mtoto akajificha nyuma ya kanga yangu. Akanivuta, akaniuliza, "Mama, nani huyo?"

Jamani! Nyie mlio na watoto mtajua. Rahma alibaki amepiga magoti vilevile, mikono wazi, hajui aifunge au vipi.

Siku zile akimshika, mtoto anapiga kelele kama anaibiwa. Akimlisha, anatema. Mie nikitoka chumbani, anakimbilia mlangoni. Rahma hakusema neno baya. Siku moja anakunja nguo za mtoto azitie begini, akanambia kwa upole, "Mama, usijilaumu. Ungekuwa mzima nisingekuja, lakini ulikuwa mgonjwa. Ningefanyaje?"

Upole ule ndio ulioniua. Angenifokea ningemjibu, mie nnajua kujibu.

"Sikuwa mgonjwa," nikamwambia.

"Nini?"

"Sikuwa na presha, wala moyo. Nlijilaza tu. Nlimwambia Zuwena apige video."

Akaendelea kukunja. Akaikunja fulana moja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema, hajaniangalia, "Mama, unajua mwezi ule wa kwanza nliporudi nlikuwa nafanya nini? Maziwa yalikuwa yananijaa, nguo inarowa mbele za watu. Nlikuwa nnaingia choo cha kazini, nnayakamua kwenye sinki, nnafungua maji, yanakwenda. Kila siku. Mtoto wangu yuko huku anakunywa ya kopo."

Nlisema, "Nisamehe, mwanangu."

"Sijui, Mama. Sasa hivi nnataka kitu kimoja tu. Naomba usimbebe."

Nikajaribu. Haikuwezekana. Mtoto analia, ananinyooshea mikono, na mie nimekaa juu ya mikono yangu. Siku ya pili nikafunga kifurushi changu.

"Unakwenda wapi?" Rahma akaniuliza.

"Nnahama mimi. Nyumba kaa wewe na mwanao. Nikiwepo hapa hatakutazama."

Nikaenda Paje kwa dada yangu, analima mwani. Akanitazama na kifurushi changu.

"Umefukuzwa?"

"Nimejifukuza."

"Haya, huku hakukaliwi bure. Shika kamba."

Nikakaa nae ufukweni nnafunga mwani kwenye kamba, wazungu wanapita na miavuli yao ya kurukia juu ya maji, jua linanipiga kisogoni. Simu nlimpa dada yangu ashike yeye, ili nisipige. Mtoto alilia sana siku za mwanzo, hilo Bi Zuwena alimwambia dada yangu, na dada yangu hakunificha. Kisha Rahma akatuma sauti yake, fupi. "Mama, leo amelala kwangu."

Niliisikiliza mara moja. Nikarudisha simu, nikaendelea na kamba.

Wakasafiri mie nipo Paje. Uwanjani sikwenda. Rahma hakunambia nisije, na hakunambia nije. Nliporudi nyumbani nikakuta pameoshwa, kitanda kimetandikwa, nguo zangu zimekunjwa. Hakuacha hata soksi ya mtoto.

Sasa Rahma anapiga Ijumaa baada ya sala. Tunaulizana afya. Mtoto anapita nyuma, anasema maneno ya huko nisiyoyajua, anamwita Rahma mama, ananiona kwenye simu anasita, kisha anakwenda zake. Ndivyo inavyotakiwa. Nnajua ndivyo inavyotakiwa. Rahma hajasema kama kanisamehe, nami nimechoka kuuliza.

Akina mama wenzangu mnaosoma hili, nisikilizeni mie niliyeharibu. Mwanao akikwambia anazalia alipo, muombee dua ukae. Usimvute kwa ugonjwa usiokuwa nao. Na kama ni lazima aje, basi kabla hajapanda ndege waulize yeye na mumewe: mtoto huyu ataingiaje kwenye nchi ya wazazi wake, na ruhusa ikichelewa nani atabaki nae? Wakikosa jawabu, asije. Mimba ya kwanza, ya pili, asije!

Mjukuu utamuona akikua kidogo. Hutakufa. Mie nlisema ntakufa, na niko hapa mpaka leo, mzima, nnapika chungu kidogo cha mtu mmoja.