Bushi ya Kivuli

Kwenye kijiwe chetu cha bodaboda Bariadi, pale barabara ya kwenda Dutwa inapoanza kuuacha mji, tulikuwa na mchezo ambao mgeni angeweza kukaa nasi wiki nzima asiuelewe. Mmoja wetu anataja kifaa cha injini ambacho hakipo duniani, wengine wanakijadili kwa uso mkavu kabisa, na atakayecheka kwanza anabeba dumu la lita kumi, anavuka mtaro, anatuletea maji ya kunywa kutoka bombani. Nimelibeba dumu lile mara nyingi kuliko dereva yeyote pale. Mimi hasira zangu ziko karibu, na kicheko changu kiko karibu vilevile.

Basi tulikuwa na klachi ya honi. Tulikuwa na plagi ya tairi la nyuma, ambayo mwenzetu mmoja aliapa kwamba ya kwake iliingia maji alipovuka korongo wakati wa mvua. Hata mwenye duka la spea ng'ambo ya barabara aliingia mchezoni. Siku tulipokwenda kumuulizia klachi ya honi aliinama chini ya kaunta, akapekua maboksi kwa muda mrefu, akainuka na kutuambia kwa upole kwamba ya kulia imekwisha, imebaki ya kushoto, na yeye kama Mwislamu hawezi kutushauri tufunge ya kushoto. Siku hiyo dumu lilibebwa na watu watatu.

Bingwa wa mchezo alikuwa dereva mmoja tuliyemwita Namhala, yaani mzee kwa Kisukuma, ingawa sitini alikuwa hajafika. Ndiye aliyeanzisha kijiwe, na nusu yetu alitufundisha yeye kuendesha, mimi nikiwemo, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe siku ambazo hapakuwa na mnada. Sikuwahi kumwona akicheka mchezoni. Na kifaa kilichotushinda wote kilikuwa chake: bushi ya kivuli.

Alituletea kifaa hicho msimu mmoja wa pamba. Alisema ni kimpira kidogo kinachokaa kati ya injini na fremu. Hata ufungue pikipiki nzima hukioni, unakijua kwa dalili tu. Kikianza kuisha, taa ya gari linalokuja mbele inakuwa mbili, halafu tatu. Shimo linachelewa kufika, unalijua ukiwa umeshaingia. Na jua likikupiga usoni, barabara yote inakuwa nyeupe kama imemwagiwa unga. Aliyasema hayo huku anafuta vumbi kwenye tangi kwa kitambaa, taratibu, bila kutuangalia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaenda kuleta maji.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa bushi ya kivuli. Mtu akichelewa kuamka, bushi yake imeisha. Akinuniwa na mkewe, tunamshauri akabadilishe bushi. Karibu mwaka mzima tuliishi na utani huo na haukutuchosha.

Jioni moja nilikuwa natoka Dutwa kurudi mjini bila abiria. Mbele yangu alikuwa Namhala, amembeba mama mmoja aliyefunga mtoto mgongoni. Tulikuwa kwenye kona inayopinda kuelekea magharibi, jua linazama mbele yetu. Mbali kidogo mkokoteni wa ng'ombe uliojaa pamba ulikuwa unakokotwa kuelekea huko huko tunakokwenda, mkubwa kama nyumba, umekalia karibu upande mzima wa barabara. Niliuona mapema sana. Nikangoja Namhala akwepe. Hakukwepa, wala hakupunguza mwendo.

Aliyeuokoa msafara ule ni yule mama. Alipiga ukelele na kumpiga Namhala begani, Namhala akavuta usukani, pikipiki ikaingia majanini na kuupita mkokoteni kwa nafasi ya kiganja. Walisimama mbele kidogo. Nilipowafikia, mama alikuwa amekaa chini anampapasa mtoto kichwa na miguu. Mtoto alikuwa salama, hata usingizi ulikuwa haujamwisha vizuri.

Nilishuka na maneno yangu tayari mdomoni, maneno mabaya. Namhala akaniwahi, akasema vumbi limezidi. Kisha akageukia taa ya pikipiki yangu na kuitazama kwa upande, jicho moja amelibana, kama mtu anayejaribu kuamua ipi ni ipi kati ya vitu viwili. Hapo nikaikumbuka bushi ya kivuli. Taa inakuwa mbili. Alikuwa ametuambia. Alitueleza dalili za ugonjwa wake moja moja, kijiweni, mchana kweupe, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimpakia mama na mtoto wake, nikaenda mwendo wa baiskeli mpaka mjini, Namhala akifuata taa yangu ya nyuma.

Asubuhi niliwahi kijiweni nikawasimulia wenzangu. Mmoja alitaka twende kwa mwenyekiti wa madereva, avuliwe kizibao cha bodaboda, asibebe abiria tena. Mwingine akasema tumwachie mkewe. Sikukubali lolote kati ya hayo. Akivuliwa kizibao mji mzima utajua kwa siku moja, na mtu mwenyewe ndiye aliyetufundisha kushika klachi. Lakini tukinyamaza, jioni nyingine atabeba mama mwingine, na huenda huyo hatawahi kupiga kelele.

Namhala akaja. "Mwangaluka," akatusalimia, tukaitikia. Aliegesha, akatoa kitambaa, akaanza kufuta tangi. Nilichuchumaa kando ya injini yake, nikaigusa hapa na pale kama fundi.

"Namhala," nikasema, "bushi ya kivuli imekwisha."

Aliendelea kufuta. Wenzangu walikaza nyuso kama sheria inavyotaka, ila safari hii hapakuwa na aliyehitaji kujikaza.

Akaniuliza dalili. Nikamtajia kwa maneno yake mwenyewe, taa, shimo, barabara nyeupe.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotuambia."

Alikikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Nilidhani mtaniuliza siku ileile," alisema.

Sikuweza tena kucheza. Nilimwambia ni macho, kwamba nitampeleka mwenyewe hospitali, Mwanza ikibidi, na nitakaa naye mpaka mwisho. Nilimwomba msamaha pia, mbele ya wote, jambo ambalo huwa linanipa tabu hata nyumbani kwangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akachomoa ufunguo wa pikipiki yake, akautafuta mkono wangu kwa mkono wake, akanikabidhi kiganjani.

Kwa sheria yetu hapakuwa na wa kwenda bombani, maana hakuna aliyecheka. Namhala akainama akalichukua dumu. Tulimtazama akienda. Alipofika mtaroni alisimama, akapapasa ukingo kwa ncha ya kiatu, akaupata, akavuka. Mtaro ule tuliuvuka naye kila siku, na kumbe hatukuwahi kumtazama anavyouvuka.

Mwenzetu mmoja akataka kuinuka akampokee. Nilimshika mkono, akakaa. Tulimngoja Namhala mpaka aliporudi na dumu limejaa, akatumiminia mmoja mmoja kwenye kikombe chetu kile kimoja. Cha kwangu kilifurika, maji yakanimwagikia miguuni, nikanywa.