Hisa za Bwana Malori

Inasemwa mtaani kwamba mume wangu aliiba karatasi za watu ili avunje posa ya mdogo wangu, na kwamba tulitaka abaki kwetu atutumikie bure. Nimenyamaza vya kutosha. Mdogo wangu hakuwa mtumishi. Alikula meza moja na sisi. Na karatasi ile haikuibwa. Ilikuwa wazi kwa yeyote aliye tayari kulipa ada ya upekuzi, na risiti yake ninayo.

Marehemu mume wangu alikuwa mpekuzi wa majalada ya kampuni. Mfanyabiashara akitaka kumkopesha mwenzake bidhaa, au kununua kiwanda, alimtuma kwa msajili wa kampuni akaangalie taarifa ambazo kila kampuni hulazimika kuziwasilisha kila mwaka: wakurugenzi ni nani, hisa ni za nani, hesabu zikoje. Alianza kusoma mwishoni, kwenye maelezo ya maandishi madogo, ndiyo maana wenzake walimwita Kurasa za Nyuma. Na kabla hajaagiza jalada lolote, alipitia dirisha la mapokezi kuuliza kama kuna kitu kipya kilicholetwa ambacho hakijaingizwa jaladani. Hiyo ilikuwa desturi yake, na nilijivunia kuwasimulia watu. Alikuwa akisema kwamba wanaoongopa kutwa sebuleni hunyooka wakifika kwa msajili, kwa sababu kule uongo una faini, na kila mmoja anadhani hakuna atakayekuja kusoma.

Mdogo wangu ndiye aliyemwogesha mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hajiwezi kitandani, na kumgeuzageuza asipate vidonda. Alikuwa amefika umri ambao watu huacha kuulizia, ndipo akaja mwanamume mmoja wa malori ya mizigo, aliyeachana na mkewe, mpole, mwenye utani wa hapa na pale. Tukamwita Bwana Malori. Baba mdogo, aliyesimama mahali pa baba yetu, alimuuliza malori hayo ni ya nani. Akajibu kampuni ni yake. Kesho yake mume wangu alitoka kwenda kazini mapema kuliko kawaida.

Siku ya kujibu posa, sebule ilijaa. Mdogo wangu alikuwa chumbani na mama mkwe, mlango ameuacha wazi kidogo ili asikie. Mume wangu akavaa miwani, akatoa nakala, akaisoma kwa sauti ile ile aliyowasomea wateja. Hisa zote zilikuwa za mwanamke mmoja, mtalaka wa Bwana Malori. Yeye mwenyewe hakuwa na hata moja.

"Sasa bwana," akauliza, "binti yetu tukupe wewe, au tumpe mwenye malori?"

Baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa. Wageni waliangalia viatu vyao.

"Hiyo ni taarifa ya mwaka jana, mzee," Bwana Malori akasema. Akajikaza kueleza kwamba hisa aliziandikisha kwa mkewe wakati wangali pamoja, walipoachana mama huyo akakubali kuzirudisha, na fomu za uhamisho zimeshawasilishwa.

"Mimi husoma kilichomo," mume wangu akamjibu.

Wazee wao walinyanyuka, chai wakaiacha vikombeni. Mdogo wangu akatokea mlangoni na beseni la maji ya kumwogesha mgonjwa.

"Shemeji, nani alikutuma? Mimi sikuuliza ana hisa ngapi."

"Utakuja kunishukuru," akamwambia. "Maji hayo yanapoa."

Bwana Malori hakurudi. Baadaye alioa kwingine. Mama mkwe aliishi miaka mingi zaidi, akafa msafi, bila kidonda hata kimoja mgongoni, na majirani hawa hawa walilisifu jambo hilo.

Tulipomaliza kumzika mume wangu, mdogo wangu alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kwa msajili peke yake, akalipa ada. Alirudi na nakala ya uhamisho wa hisa zote kwa Bwana Malori. Muhuri wa kupokelewa ulikuwa umegongwa kabla ya siku ile ambayo mume wangu alipekua. Nakala hiyo sasa imezunguka mtaa mzima.

Nawajibu kama mtu aliyeishi na kazi hiyo. Muhuri wa mapokezi si jalada. Karatasi huweza kulala kwenye trei wiki nzima na zaidi kabla ya kuingizwa. Jalada alilopewa lilikuwa na taarifa ya mwaka jana, naye aliisoma neno kwa neno. Hakughushi, hakutia chumvi.

"Dada," mdogo wangu aliniuliza jioni moja, akinikanda miguu ambayo sasa hainibebi, "siku hiyo hakupitia dirisha la mapokezi?"

Nilimwambia akande taratibu, ananiumiza.

Nanyi mnaonijia na swali hilo hilo, jibu ni lile alilolitoa mwenyewe: alisoma kilichomo. Zaidi ya hapo sisemi, na asiniulize mtu.