Viti vya Ngozi Nilivyowazoezea Wakubwa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Emali, Bwana Mulwa, msimamizi wa matarishi, alinipa baiskeli nyeusi yenye kiti kipya cha ngozi, kigumu kama ubao. Nikatafuta gunia la kutandika. "Toa hiyo takataka," akasema. "Kiti kinataka mtu."

Nyinyi mnaokalia sponji hamjui. Ngozi ile lazima izoezwe. Nilipaka mafuta ya kondoo upande wa chini, kidogo tu. Yakizidi, inalegea kama kitanda cha kamba kilichochoka. Ikilowa, naianika kivulini, wala siikalii. Ikibonyea, nakaza nati ya mbele kwa spana, polepole. Mwishowe inashika mifupa ya mwenyewe, inafanya mashimo mawili, na hapo unaendesha mpaka mji wa Kiboko bila kukumbuka kama una makalio.

Lakini kabla ya hapo ni malengelenge, na damu kwa suruali. Nilivumilia. Kiti kilipokubali tu, Mulwa akaja na spana.

"Hiki kinaenda kwa mkubwa. Wewe chukua kipya."

"Lakini bwana, hiki kimeshanijua."

"Asi, Ndunda! Hayo makalio ni ya ofisi!"

Matarishi wenzangu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Na mimi nikacheka, nifanye nini?

Nilidhani ni mara moja. Nikahamishwa Mtito Andei, na viti vipya vikanifuata kwa lori. Nilimzoezea daktari wa mifugo, nikamzoezea Mulwa mwenyewe. Kioko, mtunza ghala wa huko, alikuwa akija kubonyeza ngozi kwa kidole gumba kama anayenunua parachichi. "Bado, endelea." Mashimo yangu, wao wakayakalia.

Kidonda kikawa jipu, jipu likachimba hadi mfupa. Hospitalini walilipasua, wakanikataza baiskeli maisha yangu yote. Mulwa aliposikia akauliza, "Sasa tarishi asiyepanda baiskeli ni wa nini?" Nikastaafishwa nywele zikiwa bado nyeusi.

Mulwa na Kioko nawataja kwa majina kwa sababu wako hai, na tunasali kanisa moja. Jumapili iliyopita Mulwa alisogea kwa benchi, akapapasa mahali pale kando yake.

"Ndunda, njoo ukae, ndugu yangu. Nafasi iko."

Nikamwambia nimezoea kusimama. Mahubiri yalikuwa ya kusameheana, tena marefu, na niliyasikiliza yote nikiwa wima.