Kopo la Mafuta Kaburini kwa Baba

Redio ilisema serikali inatafakari kama iingie kwenye sarafu moja na Kenya na Uganda. Inatafakari tu, nilimwambia mama, lakini alishaweka chini ndizi alizokuwa akimenya. Alipokuwa binti, shilingi ya pamoja ya zamani ilifutwa, na baba yake akachelewa kubadilisha noti zake. Ziliishia kuwashia moto. Mama hakuwa tayari kuchelewa.

Ndipo aliponiambia ilipo ada yangu ya chuo cha ualimu. Aliifukia ndani ya kopo la mafuta, upande wa kichwa wa kaburi la baba, kihambani, kwenye shamba letu la migomba nyuma ya nyumba. Mashemeji zake walizoea kumpekulia nyumba, ila kaburi wasingethubutu kuligusa. Nilimwona mjanja. Nilichukia pia, maana mwaka mzima nilikuwa nikifagia majani juu ya maisha yangu bila kujua.

Tulichimba saa tisa alasiri, jua likiwaka, na bado migombani kulikuwa na kiza. Alisema alilifukia kina cha kiwiko tu. Tulifika magotini, kisha kiunoni. Hakuna kopo. Udongo ulikuwa laini mno, wa baridi, kama uliochimbwa jana. Mama akageuza jembe, akausukuma mpini chini. Ukazama bila kizuizi, halafu ukagonga bati. Chini kabisa, kule alikolala baba.

Akauchomoa. Mpini ulikuwa mikononi mwake, nje ya shimo, tuliposikia bati likigongwa tena, mara mbili, taratibu.

Najua makaburi hutitia. Najua kopo laweza kuzama na kujigonga kwenye jiwe. Nimejiambia hayo miaka mingi, na nywele bado zinanisimama.

Mama alichuma jani la isale, lile tunaloombea radhi, akaliweka shimoni na kusema maneno kwa Kichagga. Kisha akanigeukia. "Fukia, mwanangu. Tumemwamsha."

Nilifukia huku nikilia kwa hasira. Chuo sikwenda. Serikali iliendelea kutafakari, ikaahirisha, ikatafakari tena, na noti zetu zikaendelea kupokelewa dukani kama kawaida. Ada yangu ilikuwa pesa halali kule chini, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuifuata. Mama alihamishia kitanda chake chumba cha mbele, mbali na dirisha la kihambani.