Yona aliyepoza kompyuta kwa maji

Siamini, jamani. Naandika jina lake, nalifuta, naandika tena.

Yona wetu wa studio amefariki. Tumemzika kwao Giteranyi, huko Muyinga, na mi nimerudi Gitega peke yangu.

Kwa wasiomjua: ndiye aliyekuwa anachora katuni kwenye kile chumba chetu cha nyuma ya soko. Tulikuwa wawili tu. Aliniita bosi, ingawa hakuna siku alinisikiliza.

Wote wawili tulikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, ndiyo maana ofisini kilikuwa Kiswahili tu. Wateja walidhani sisi ni wageni.

Kazi za client alizifanya haraka haraka ili arudi kwenye filamu yake. Katuni fupi tu, ya mama yake siku waliyorudi Burundi, anavuka mto na cherehani kichwani. Mama hajawahi kuelewa mwanawe anafanya kazi gani. Yona alitaka aione kwa macho yake.

Shida ilikuwa ule mto. Kuchora maji yanayotembea ni kazi nzito kwa kompyuta. Kila alipoanza ku-render, yaani kuiachia kompyuta itengeneze picha zenyewe, ile mashine ilichemka, ikapiga kelele, halafu pap! ikazima. Feni yake ilikuwa imechoka na ya kufaa hatukuipata popote.

Asubuhi moja akaniambia: "Bosi, nitaipoza kwa maji, kama gari."

Nikamwambia: "Maji na umeme? Yona, una akili kweli?"

"Hayatagusana. Yatapita jirani tu."

Tulipoenda Muyinga kurekodi harusi, alinivuta hadi duka la mzee mmoja Mhindi anayeagiza vitu kutoka nje. Yona akaomba pampu ndogo. Mzee akaitoa, akamtazama juu ya miwani: "Hii iko ya kusafisha maji ya samaki. We iko na samaki?"

"Ninaye, mzee. Samaki wangu iko ya chuma, na iko na homa."

Mzee alicheka mpaka akakaa. Akatuongezea na mipira miangavu ya kupitishia maji, akasema siku moja atakuja kumsalimia huyo samaki.

Radieta ilitoka kwenye pikipiki iliyokufa. Fundi wa kuchomelea akamkatia bamba la shaba lenye mifereji ndani, la kukaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kubeba joto lake. Pampu inasukuma maji, maji yanachukua moto, radieta inaupoza, yanarudi. Alinieleza mara nyingi. Mi niliitikia tu.

Kabla ya kuifunga kwenye kompyuta aliiacha izunguke sakafuni juu ya magazeti. Tone moja likatoka. Moja tu! Alikaa chini akashika kichwa kama mtu aliyefiwa. Kisha akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaufanya kizibo, akaanza upya.

Siku aliyoiwasha kwa kweli nilisimama mlangoni, mkono kwenye swichi ya umeme. Mashine ilinyamaza. Mipira ilikuwa inatetemeka kidogo, basi. Mchana ule wote ali-render, na nambari za joto hazikupanda. Mara nikamsikia: "Yooo! Mama amevuka!"

Watu wa saluni ya jirani walikuja mbio wakidhani kuna moto. Wakamkuta analia na kucheka.

Akaiweka filamu kwenye flash, akapanda gari la Muyinga kumpelekea mama. Alivaa shati lake la harusi za watu.

Jioni akanipigia: "Nimefika, bosi. Kichwa kinauma, ni safari tu. Kesho natafuta jirani mwenye televisheni, mama aangalie."

Kesho yake simu ilikuwa ya mama. "Mwanangu, Yona anaongea maneno siyaelewi. Anawaka moto. Malaria imempanda kichwani."

Nilipiga kwa kila mtu ninayemjua mwenye gari upande ule. Wote jibu moja: essence hakuna, petroli imeisha nchi nzima. Mmoja alinijibu kwa huruma kabisa, "Dada, gari iko hapa, lakini iko imekauka."

Majirani walimweka juu ya baiskeli, wakamfunga kwa kitenge ili asidondoke, mama anatembea pembeni amemshika mguu. Walikuwa wanaelekea kituo cha afya. Hawakufika.

Mama alinisimulia mwenyewe. Alisema alijua kwenye ule mguu kwamba ameshaondoka, kabla ya wale wanaosukuma.

Baada ya mazishi nilimuuliza kama alipata kuiona filamu. Akatoa ile flash kwenye pindo la kitenge. "Alisema tutaiangalia pamoja. Sasa nitaiangalia na nani?" Nikajitolea. Akatikisa kichwa, akairudisha pindoni. Sikumlazimisha.

Nimefika studio nimekuta maji yale yameanza kuota ukungu kwenye mipira. Sijui yanamwagwa vipi. Hakunifundisha, na mi sikuuliza, kwa sababu alikuwepo. Nimechomoa waya. Client mmoja anauliza deadline. Sijamjibu.

Mnaniandikia kwamba ni mpango wa Mungu. Asanteni. Mi sioni mpango. Naona lita chache za mafuta ambazo hazikuwepo.

Yona, ndugu yangu. Kaburini nilisimama tu na udongo mkononi. Sina la kukuahidi. Chumba nadhani nitakirudisha kwa mwenyewe, peke yangu sikiwezi. Ulikuwa mtu mzuri sana na umeondoka vibaya, na hakuna wa kunieleza kwa nini.

Homa imeisha, kaka. Ulale salama.