Mfumo uliniambia niombe ruhusa ya TrustedInstaller, mama mkwe akapiga simu Bukavu

Wakuu, salamu kutoka Kamembe, hapa Rwanda mpakani na Bukavu.

Haya ni kweli tupu. Mama mkwe wangu yu hai na simu anayo, kwa hiyo siwezi kutia chumvi.

Mama huyu hutengeneza kadi za harusi. Laptop yake iliwahi kuanguka, kipande cha chini cha kioo kikawa cheusi. Hakujali. Ile taskbar, mstari wa vitufe vya programu, aliihamishia juu, maisha yakaendelea.

Juzi ikaingia update. Taskbar ikarudi chini, kwenye weusi, na uwezo wa kuihamisha umeondolewa kabisa.

Na ndani ya laptop hiyo ndimo zilimokuwa kadi za harusi ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Zilitakiwa zigawiwe Ijumaa baada ya swala.

Mimi nina kaduka ka kutengeneza simu. Ukweni wananiita informaticien, mtaalamu wa kompyuta, nami sijawahi kuwakatalia.

Nikapata mtandaoni faili la mfumo wa zamani, uliokuwa ukiruhusu taskbar kuhamishwa. Kazi ni kufuta lililopo na kuweka hilo. Kompyuta ikagoma, kwa Kifaransa: niombe kwanza autorisation, yaani ruhusa, ya TrustedInstaller.

Kwa wasiojua, huyo si mtu. Ni mlinzi wa mafaili ndani ya mfumo.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, akasoma, akaniuliza:

"Papa Nadia, uyu TrustedInstaller ni nani?"

"Maman, ni mashine tu."

"Mashine banaiombaka ruhusa? Usiguse kitu ya bantu bila kuuliza."

Akampigia jamaa wa Bukavu aliyemuuzia laptop, akaweka spika.

"Ni weye TrustedInstaller?"

Nadhani jamaa alikumbuka kwamba mteja hakataliwi.

"Ndiyo, Maman, ni miye. Muendelee tu."

Wakuu, nilicheka mpaka nikasahau kufanya backup. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikajipa umiliki wa faili, nikafuta, nikabandika, nikarestart.

Kioo kizima kikawa cheusi. Sasa juu na chini palikuwa sawa.

Nikajitetea kwamba labda ruhusa haikutosha.

"Ruhusa ulipata," akasema mama mkwe. "Miye mwenyewe nilisikia. Shida ni weye."

Laptop haikuwaka tena mpaka nilipofuta diski yote. Kadi zikafutika pamoja nayo. Bi harusi alilia, na mimi niliona aibu hata kumtazama usoni.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema tu niende mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nialike kwa mdomo. Nikaanzia Kamembe nikashuka mpaka bonde la Bugarama, joto lile mnalijua, nikiwafuata watu hadi kwenye mashamba ya mpunga na shati limeloa.

Siku ya harusi walikuja wote, wengine na magunia ya mchele. Mzee mmoja wa Bugarama akamshika mama mkwe mkono:

"Maman, carte kila muntu anatumaka. Weye ulituma mukwe wako mwenyewe. Ile ni heshima!"

Nilimwona mama mkwe akinyoosha shingo.

Somo: faili lililofungwa lina sababu yake, na backup hufanywa kabla ya kucheka. Mwenye njia salama ya kurudisha taskbar juu aiweke hapa chini. Wale wa "ungechomeka TV iwe kioo", mke wangu amewatangulia.

Nauliza kwa ajili ya kadi za wateja wake tu. Za nyumbani kwake amezikataa. Ana mabinti wengine wawili wa kuoza, na ameshaniambia ninunue viatu vizuri.